Aliyeshika Koki Getini

"Koki kuu iko wapi, dada?" fundi bomba aliuliza simuni.

"Sijui."

"Nani anajua?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Chumbani. Anapanga nguo kwenye sanduku."

"Basi muulize, kabla vyombo havijaanza kuogelea."

Dada huyo, mshonaji wa nguo, aliibana simu sikioni. Alikuwa amesimama katikati ya jiko, gauni la ibada limelowa hadi magotini, akiyatazama maji yanavyoruka kutoka chini ya sinki na kupiga mlango wa kabati. Yalikuwa yamekatika tangu katikati ya wiki. Jumapili hiyo, wakati yeye anavua viatu baada ya kutoka ibadani, yakarudi kwa kishindo, na bomba la zamani likashindwa kuyapokea.

"Dada, bado upo?"

"Nipo."

"Mbona simsikii mtu akiitwa?"

"Hatuongei sana siku hizi."

Fundi aliguna upande wa pili. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuingia majumba mengi, "Mwandikie basi. Yeye afunge, mimi niko njiani."

Mshonaji alikata simu, akafuta kioo kwenye bega, akaandika: *Koki kuu iko wapi?*

Ukuta mmoja tu ulitenganisha jiko na chumba cha kulala. Alisikia mlio wa ujumbe ukiingia upande wa pili. Jibu likaja: *Karibu na geti, chini ya mfuniko wa mita. Kuna nini?*

*Bomba limepasuka.*

Ndipo mlango ulipofunguliwa na mumewe akatoka mbio, peku. Majirani walimwita Stoo, kwa kuwa alitunza stoo ya kampuni ya rangi, na kwa kuwa hata ukimsalimia alikujibu kama anayekupimia. Aliyaona maji, akamwona mkewe amesimama ndani yake kama nguzo. Akavuta blanketi kutoka kwenye kochi, akalitupa mlangoni kuzuia maji yasiingie sebuleni, kisha akakimbilia getini. Koki ilikuwa imeshika kutu. Ilimchukua muda, na alirudi vidole vimechubuka, lakini maji yalikuwa yamekufa.

"Umepata fundi?" aliuliza.

"Ndiyo."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote wiki hiyo.

Kumpata huyo fundi nako kulikuwa na kazi yake. Namba ya fundi iliyopakwa rangi kwenye ukuta wa mtaani haikupatikana. Fundi wa pili alicheka, akasema yupo harusini amevaa suti, asubiri kesho. Wa tatu alitaka apigiwe picha ya mahali panapovuja kutoka pande zote, kana kwamba bomba lilikuwa linaomba kazi. Mwishowe jirani wa ukuta wa pili, aliyeona maji yakitoka chini ya mlango wa jikoni, alimtumia namba na maneno haya: *Mpigie huyu mama. Anaongea sana ila maji yanamsikia.*

Zamani nyumba hii haikuwa hivi. Stoo alikuwa akirudi kazini anavuta kiti karibu na cherehani, anamsimulia mkewe nani kapoteza makopo na nani kayamwaga, naye mshonaji anacheka hadi uzi unakatika. Kisha mama mzazi wa mshonaji akaugua, wakamleta, wakampa chumba cha nyuma. Mshonaji alimlisha, alimgeuza, alimwosha. Stoo alimbeba kumpeleka bafuni na hakuwahi kukunja uso. Siku mama alipofariki, mshonaji alisubiri kilio kije. Hakikuja. Watu wa ibada walimshika mikono wakamsifu kuwa Mungu amempa moyo mgumu. Yeye aliona kama moyo umekufa ganzi, mithili ya mguu uliokaliwa muda mrefu. Aliendelea kusali kila asubuhi na kila usiku, akipiga magoti mahali pale pale, lakini hakuwa na la kusema. Alikaa tu mbele za Mungu, akimaliza anainuka.

Wiki chache baada ya maziko, Stoo alikitoa kitanda cha mama mkwe. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani dirishani. Aliwaona wanaume wawili wakikipitisha getini, miguu ikiangalia juu, naye hakuinua mguu kwenye kanyagio. Alishona pindo lote la shati la mteja hadi mwisho. Mumewe alipoingia alimtazama, akangoja. Hakuambiwa neno.

Halafu jioni moja Stoo akasimama mlangoni na kusema kwamba kazini wanamhamishia tawi la mji mwingine, mbali, na akauliza yeye anaonaje. Mshonaji alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akasema, "Sawa." Stoo akabaki amesimama kidogo. Kisha akaenda kuosha vyombo.

Na sasa, Jumapili hii, safari ilikuwa kesho, alfajiri, kwa gari la kampuni. Hakuna aliyelisema, ila wote wawili walijua safari za namna hiyo zinavyokwenda. Mwanzo ni simu kila jioni. Baadaye ni simu mwisho wa wiki. Mwishowe mtu anabaki kuwa salamu za sikukuu.

Fundi aliingia na mfuko wa turubai begani, mama mnene wa makamo, ovaroli imekunjwa miguuni, kilemba cheusi kichwani. Watu walimwita Mama Spana na yeye alikuwa amelipenda jina hilo. Aliwasalimu, akapita jikoni, akapiga magoti na kuingiza kichwa chini ya sinki. Akiwa humo humo akaanza kuuliza habari za watu wa nyumba. Akasema bomba hili ni la enzi za babu yake, akasema aliyelifunga Mungu amsamehe, akasema nyumba ni nzuri, na sanduku lile pale koridoni ni la nani.

"Langu," alisema Stoo. "Nasafiri kesho."

"Na dada?"

"Anabaki."

"Ni safari ya kikazi," Mama Spana aliuliza kutoka kabatini, "au mnaogopa kuiita jina lake?"

Mama Spana alitoa kichwa, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akarudi kazini bila kusubiri jibu.

Alikata kipande kilichopasuka na kuweka kipya. Bomba hilo lilikuwa na viungio viwili, kimoja chini ya sinki na kingine nyuma ya kabati pale linapotokea ukutani. Akavizungushia utepe mweupe, akakaza vyote, akajipangusa mikono.

"Sasa nawahitaji nyinyi," alisema. "Mimi sina msaidizi. Msaidizi wangu ni mwenye nyumba, maana mimi nikiondoka bomba linabaki kwenu. Maji ya leo yana nguvu, hayafunguliwi kwa pupa. Baba, wewe nenda getini ushike koki. Fungua kidogo, ngoja, fungua kidogo, ngoja. Mimi nitakuwa hapa na spana. Dada, wewe lala hapa ubavuni, mulika kiungio cha ukutani. Mimi kile sikioni. Ukiona hata jasho tu, paza sauti baba afunge. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Paza sauti kweli. Getini ni mbali."

Stoo akatoka. Mama Spana alifumba macho, midomo ikacheza kidogo, kisha akasema, "Mungu, hili nalo ni lako," kama mtu anayemkabidhi mwenzake mzigo ashike. Akapiga kelele baba afungue.

Mshonaji alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu yenye maji, tochi ya simu mkononi, shavu karibu na ukuta. Alisikia bomba likivuta pumzi. Upepo ukapita kwanza, halafu maji. Kiungio kilikuwa kikavu. Akasikia koki ikilia tena huko nje. Kiungio bado kikavu. Ikalia mara nyingine, na hapo akaona tone.

Lilitoka chini ya utepe mweupe, likavimba, likaning'inia. Aliliangalia. Tone likaanguka na lingine likaja, na jingine mara hiyo hiyo, na utepe ukaanza kutanuka. Alijua maana yake. Alijua pia anachotakiwa kufanya. Lakini ilikuwa kama anatazama mvua kupitia dirisha la nyumba ya mtu mwingine. Mdomo haukufunguka. Koki ikalia tena.

Bomba lilichomoka ukutani. Ncha yake ikampiga Mama Spana begani, na maji yakamwagika juu yao wote wawili kwa nguvu moja. Mama Spana alipiga ukelele, spana ikaanguka, akatambaa kinyumenyume akiita, "Funga! Funga!" hadi Stoo alipofunga.

Jiko likatulia. Mama Spana aliketi sakafuni, kilemba kimelegea, akilishika bega. Alipumua kwanza.

"Dada. Uliona likivuja?"

"Niliona."

"Uliona."

"Ndiyo. Niliona tangu tone la kwanza."

"Na ukanyamaza?"

Stoo alikuwa ameshafika mlangoni, maji yakimchuruzika kwenye suruali. Alisikia yote. Hakuuliza bega linaumaje wala bomba limekuwaje. Alimtazama mkewe aliyekuwa bado amelala ubavu pale pale.

"Ndivyo anavyofanya," alisema. "Anaona, ananyamaza. Mimi nashika koki, sijui kama nifungue au nifunge."

Mama Spana aliiokota spana, akaipangusa kwenye ovaroli.

Mshonaji aliinuka akakaa. Nywele zilimshika usoni. Alitafuta hasira ndani yake, hakuiona. Alitafuta aibu, ikawa mbali sana, lakini ilikuwepo. Bega la mama wa watu lilikuwa limeanza kuvimba, na hilo lilikuwa la kweli, halikuhitaji moyo kulijua.

"Na kitanda cha mama nilikiona," alisema.

"Najua uliona."

"Nilitaka kukuambia usikitoe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sijui. Nilishona."

Stoo aliegemea mlango. Alisema kwamba alikitoa kwa sababu alimkuta mkewe mara nyingi amesimama mbele ya kile kitanda kitupu, ameshika shuka, haingii wala hatoki, na alidhani kikiondoka atapata kupumua. Kitanda alimpa bibi mmoja mgonjwa, mama wa mlinzi wa stoo, aliyekuwa akilala chini. Alisema alisubiri agombezwe. Angegombezwa angeenda kukirudisha usiku ule ule, akikibeba kichwani.

"Hukuniuliza," mshonaji alisema.

"Sikukuuliza. Hilo ni langu."

"Ungeniuliza ningekupa wewe ukampe. Kwa mkono wangu."

"Nimekosa," Stoo alisema. Aliinamisha kichwa, na haikuwa kwa mzaha.

Mama Spana alikohoa. Akasema wasidhani anafukuza maneno yao, lakini bomba liko wazi na bega lake linataka kwenda kukandwa, kwa hiyo warudi kila mtu mahali pake, waongee baadaye kwa muda wao. Mshonaji alimwomba radhi. Mama Spana akasema radhi ataipokea kazi ikiisha, kwa sasa anataka sauti.

Walikaza upya. Stoo akarudi getini.

"Sema naye," Mama Spana alimnong'oneza mshonaji. "Hata kikiwa kikavu, sema ni kikavu. Mtu aliyeshika koki asiachwe gizani."

Koki ikalia. Mshonaji alimulika.

"Kikavu," alisema.

"Hajakusikia hata paka."

"Kikavu!" Sauti ilitoka imepasuka. Ilimshtua mwenyewe, alikuwa amesahau ina ukubwa gani.

"Niongeze?" Stoo aliita kutoka nje.

"Ongeza. Kidogo."

"Sasa?"

"Ngoja." Alisogeza uso karibu. "Ngoja kwanza. Kinatoa jasho."

"Nifunge?"

Mama Spana alipenyeza mkono wenye spana nyuma ya kabati, akakaza kwa kupapasa, akimuuliza dada kama jasho linakauka. Mshonaji alifuta kiungio kwa kidole, akasubiri, akafuta tena.

"Usifunge. Baki hapo hapo," aliita.

"Nipo hapo hapo."

"Sasa ongeza."

Wakaendelea hivyo, kidogo kidogo, hadi koki ikafika mwisho na maji yakapita bombani kimya kimya. Mama Spana alifungua bomba la sinki, akanawa uso, akasema asante kwa aliyemkabidhi mzigo. Kisha akachukua mfuko wake, akasema anakwenda kuangalia mita inasomaje na asiitwe kwa jambo lolote lisilo na maji. Alivuta mlango nyuma yake.

Simu ya Stoo ilikuwa juu ya sanduku. Ikaita.

Alikuwa bosi wake. Stoo aliweka sauti wazi kwa kuwa mikono ilikuwa na matope. Bosi alisema dereva ameshapewa maelekezo, gari litampitia alfajiri, awe tayari getini maana dereva huyo hapendi kungoja. Stoo alisema ndiyo. Alisema ndiyo tena. Macho yake yalikuwa kwa mkewe, na kama yaliuliza kitu, yaliuliza kwa chini sana.

Mshonaji alijua kwamba akingoja simu itakatwa, na ikikatwa atamtazama akitoka na sanduku kama alivyokitazama kitanda. Hakusikia uchungu wowote. Alijua tu, kama alivyojua maana ya tone. Akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Shikamoo bosi. Mimi ni mke wake."

"Marahaba, mama. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Naomba asiende."

Bosi alisita. Akasema pole pole kwamba mambo ya kazi yana utaratibu wake, tena alikuwa ameambiwa nyumbani wamekubaliana. Halafu akaongeza jambo ambalo alidhani mama huyu analifahamu.

"Maana uhamisho huu aliuomba mwenyewe, mama. Sisi hatukumpeleka. Alikuja ofisini kwangu akaniomba."

Mshonaji alimtazama mumewe. Stoo hakukana. Alitikisa kichwa kukubali, mara moja.

Hapo ndipo zamani angeirudisha simu na kwenda kwenye cherehani.

"Yeye aliomba kwenda," alisema taratibu. "Mimi naomba abaki. Sikumwambia mapema. Niliona nikanyamaza."

"Sasa nimsikilize nani?"

"Msikilize mwenyewe." Akamsogezea Stoo simu karibu na kidevu. "Sema."

Stoo aliinama karibu na simu.

"Nabaki, bosi," alisema. "Nisamehe kwa usumbufu. Nabaki."

Bosi alilalamika kidogo kwa haki yake, akasema dereva atafurahi angalau kulala, akasema kesho waonane stoo waangalie makaratasi. Akaaga.

Walibaki wawili, na maji sakafuni.

"Kwa nini uliomba?" mshonaji aliuliza.

"Nilitaka ukatae."

Stoo alijifuta matope kwenye suruali.

"Nilisema moyoni, nikimwambia naondoka atakataa. Atanigombeza, atanitupia mkasi, lolote. Nitajua bado nina mke. Ukatoa pini mdomoni ukasema sawa. Baada ya hapo sikujua namna ya kurudi nyuma."

"Ulinidanganya kwamba wanakuhamisha."

"Nilikudanganya."

Mshonaji alikaa kwenye ukingo wa sanduku. Alifikiri pengine sasa kilio kitakuja, hata kidogo. Aliweka kiganja kifuani kama mtu anayeangalia kama kaacha funguo mfukoni.

"Silii," alisema.

"Naona."

"Sijui kama nakupenda au nilikupenda zamani tu. Sihisi kitu. Mama sijamlilia. Wewe ungeondoka, nisingekulilia. Nimekukataza kwa kichwa tu, moyo haupo."

"Nimesikia."

"Hiyo inakutosha?"

Stoo alifikiri. Hakuwa mtu wa kutoa kitu stoo bila kukikagua.

"Leo inanitosha," alisema. "Kesho nitakuuliza tena. Na wewe usiniache nabahatisha."

"Na wewe usinitege. Ukitaka nikatae, sema unataka nikatae."

"Sawa," alisema, kisha akajisikia, akasahihisha. "Nitasema."

Mkewe aliinamisha uso. Sala ilipita ndani ya mshonaji bila yeye kupiga magoti, fupi, na safari hii ilikuwa na maneno. *Ee Mungu, nimesema. Mengine nifundishe.* Akakaa nayo kidogo, akainuka.

Blanketi lililozuia maji mlangoni lilikuwa zito kama mnyama aliyelala. Alishika ncha moja, akajaribu kulivuta peke yake, likamshinda. Hakuliacha. Alimwita mumewe kwa sauti ile aliyoitumia kwenye kiungio.

"Shika huku. Tulikamue."

Stoo alishika ncha ya pili. Wakalitoa hadi barazani, wakasimama kila mtu upande wake wamelinyoosha katikati, yeye akalisokota kulia na mwenzake kushoto. Maji yakashuka, mengi kwanza, kisha uzi mwembamba.

"Kaza," mshonaji alisema.

"Nimekaza."

"Bado. Naona lina maji. Kaza tena."